Baraiti ya Walton, Nova Scotia: kwa nini risasi na zinki zilichelewa kuonekana?

Mdau wa Kilifi: Habari za jioni, wanajukwaa. Huku kwetu Vitengeni tumezoea kuiona baraiti (madini mazito ya bariamu na salfeti) ikiandamana na galena (madini ya risasi na salfa). Nimeshangaa basi kusoma kwamba huko Walton, nchini Kanada, baraiti ilichimbwa tangu 1941, ilhali mbale (mawe yenye metali) ya risasi, zinki, shaba na fedha iliyokuwa chini yake haikujulikana hadi katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwaje?

Mzee wa Miamba: Salamu, ndugu. Tuanze na kemia. Bariamu na salfeti haziwezi kusafiri kwa wingi ndani ya maji yale yale, kwani zikikutana hugeuka mara moja kuwa baraiti. Huko Walton, maji ya moto yenye chumvi yalipanda kupitia mipasuko hadi kwenye mwamba chokaa wa Macumber, ulio chini kabisa ya kundi la miamba la Windsor, ambalo lina jasi na anhidraiti tele, yaani madini ya salfeti. Chokaa ikaliwa na baraiti ikashika nafasi yake. Sulfaidi za metali, yaani metali zilizoungana na salfa kama galena, huhitaji salfa ya namna nyingine, iliyopokonywa oksijeni, kwa hiyo si ajabu zikijikusanya pembeni au chini ya baraiti badala ya kuchanganyika nayo.

Binti Mchorongaji: Mzee amesema vyema, ila mimi nalaumu soko zaidi kuliko kemia. Wanunuzi walikuwa wachimbaji wa visima vya mafuta, ambao hutia baraiti katika tope la kuchorongea (kutobolea visima) kwa sababu uzito wake, takriban mara 4.5 ya ule wa maji, huzuia gesi isifumuke. Mgodi uliokuwa na mzigo safi karibu na uso wa ardhi haukuwa na haraka ya kugharimia mashimo marefu. Sulfaidi zenyewe hazikudumu: maji yaliufurika mgodi mwaka 1970, na baraiti nayo ikakoma 1978, baada ya kutoa zaidi ya tani milioni 4.

Mdau wa Kilifi: Ahsanteni. Je, vipimo vya mvutano wa ardhi vingeweza kutofautisha baraiti na sulfaidi?

Mzee wa Miamba: Kwa shida sana, maana zote mbili ni nzito. Afadhali vipimo vya umeme: galena na kalkopiraiti (sulfaidi ya shaba) hupitisha umeme, baraiti haipitishi. Sfaleraiti (sulfaidi ya zinki) nayo hupitisha kwa udhaifu mno, kwa hiyo mbale ya zinki pekee ingeweza kukuponyoka, na hapo hakuna budi kuchoronga.