Mrejesho: nianze na ipi kati ya filamu za The Devil's Carnival?

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza nianze na filamu ipi kati ya hizi mbili za kutisha zenye nyimbo, zilizoongozwa na Darren Lynn Bousman. Nilifuata ushauri wa kuanza na ile ya 2012, isiyofika hata saa moja, ndipo nikatazama ya pili, Alleluia! ya 2015. Ulikuwa ushauri mzuri, kwani bila kuwaona kwanza wenye dhambi watatu wakiadhibiwa kwa mtindo wa ngano za Aesop, nisingeuelewa uhasama wa Lusifa na Mbingu. Paul Sorvino, anayeigiza Mungu, alinitisha kuliko Shetani mwenyewe. Ushauri wa kuwasha maandishi ya chini ulisaidia nusu tu, kwani waimbaji wengi wakipokezana yalichelewa. Anayetarajia mapigano makubwa ajue kwamba hadithi inakatika vita vikiwa bado havijaamuliwa.