Babu alishuka Mtwara kwa meli ya Karanja mwaka 1929: nitafute wapi jina lake?

MjukuuWaLukuledi

Wakubwa shikamoni, wengine habari za jioni. Natafuta safari ya babu mzaa mama kutoka Kutch, India, hadi huku kwetu Lindi.

Nyumbani wanasema alipanda meli Bombay, jina lake Karanja, akashuka gatini Mtwara mwaka 1929 akiwa na miaka kama kumi na saba. Akaja Lindi kukaa dukani kwa mjomba wake. Alikuwa Khoja, Waislamu wenye asili ya Gujarat. Bibi alimwoa hapahapa, ni Mmwera. Babu alifariki Lindi mwaka 1968.

Karatasi zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa mwanzo wa daftari la hesabu lililoandikwa Kigujarati, tarehe nimesomewa kuwa ni Samvat 1985, Chaitra sud 5, kwa kalenda ya Kigujarati. Ya pili ni picha ya meli isiyo na maandishi, dohani nyeusi yenye pete mbili nyeupe. Ya tatu ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Nimelipia miezi miwili mtandao wa orodha za abiria wa Uingereza, nimejaribu jina kwa tahajia sita, sikupata hata mmoja anayefanana. Halafu Samvat 1985 nikitoa 57 napata 1928, yaani daftari limefunguliwa kabla hajafika. Nimekosea wapi?

---

DohaniMbili

Dada, anza kwa kusitisha malipo ya huo mtandao. Orodha za Uingereza ambazo nakala zake huwekwa kwenye mitandao ya namna hiyo ni za meli zilizoingia Uingereza kutoka nje ya Ulaya na Mediterania (1878 hadi 1960), na zilizotoka huko kwenda mbali (1890 hadi 1960). Meli iliyotoka Bombay kuja Mombasa na Zanzibar haikugusa bandari ya Uingereza, basi abiria wake hawamo. Ungejaribu tahajia mia ungepata jibu lilelile. Orodha hizo zitakufaa siku ukimtafuta ndugu aliyetoka huku kwenda London.

Sasa simulizi ya nyumbani. Mwaka 1929 Mtwara haikuwa na gati. Bandari ile ya kina kirefu ilijengwa kwa sababu ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947, nayo ikafunguliwa 1954, mpango wenyewe ukiwa umeshaachwa tangu 1951. Zamani hizo mtu wa upande ule alishukia Mikindani, na wa kwenu alishukia Lindi, meli ikitia nanga ghubani na watu kuletwa pwani kwa mashua. Tena meli kubwa za Bombay njia yake kuu ilikuwa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, kisha Beira, Lourenço Marques na Durban. Abiria wa Lindi kwa kawaida alibadilisha chombo Zanzibar au Dar es Salaam. Kwa hiyo unatafuta safari mbili, na huenda ya pili ilikuwa ya jahazi.

Jina la Karanja nalo halikubali. Kampuni ya British India Steam Navigation, ambayo wazee waliiita BI, ilikuwa na Karanja mbili. Ya kwanza ilianza kazi 1931, ikachukuliwa vitani na kuzama pwani ya Algeria Novemba 1942. Ya pili ni ya 1948, pacha wa Kampala ya 1947. Mwaka 1929 hapakuwa na Karanja ya abiria katika njia hii. Usiitupe simulizi, lakini. Familia huhifadhi jina la meli waliyoiona kwa macho yao, kisha huliambatanisha na safari ya kwanza ambayo hakuna aliyeishuhudia. Ikiwa babu alikwenda kuwaona ndugu zake Kutch akarudi, Karanja ni ya safari hiyo.

Dohani nyeusi yenye pete mbili nyeupe ni ya BI bila shaka, ila inakupa kampuni tu. Ili upate meli yenyewe, hesabu milingoti, dohani, safu za madirisha na mahali boti za kuokolea zilipokaa, halafu linganisha na karatasi za maelezo ya meli ambazo idara ya urithi ya kampuni ya meli ya P&O inazitoa bure mtandaoni. BI iliingia kundi la P&O mwaka 1914, ndiyo maana meli zake zimo humo. Makabrasha ya kampuni yenyewe yako jumba la makumbusho ya bahari, Greenwich.

---

Chopdi

Nakujibu la tarehe tu. Kanuni ya kutoa 57 ni nusu ya kanuni. Mwaka wa Samvat wa Kigujarati unaanza siku inayofuata Diwali, sikukuu ya Wahindu, yaani Oktoba au Novemba. Tarehe ikiangukia kati ya Diwali na Desemba, toa 57. Ikiangukia Januari hadi Diwali inayofuata, toa 56. Chaitra ni Machi na Aprili, hivyo Samvat 1985 Chaitra ni 1929. Sud ni nusu ya mwezi inayokwenda kwenye mbalamwezi kamili, na sud 5 ya Chaitra hiyo ni katikati ya Aprili 1929. Simulizi ya mwaka imesimama.

Kuna mtego mmoja kwa watu wa Kutch na wa Jamnagar. Wao mwaka wao wa asili huanza mwezi wa Ashadh, Juni au Julai, miezi minne kabla ya Diwali. Daftari likiwa la mwezi kati ya Ashadh na Diwali, mwaka mmoja unaweza kupotea au kuongezeka kutegemea mwandishi alifuata hesabu gani. Chaitra iko nje ya kipindi hicho, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nayo, ila kurasa nyingine zikipatikana kumbuka hili.

Na jambo hili lina uzito kuliko tarehe: wafanyabiashara wa Kigujarati, hata Waislamu, walifungua madaftari mapya Diwali. Daftari lililofunguliwa Chaitra, katikati ya mwaka wa hesabu, linanifanya nifikiri duka jipya au ubia mpya. Kijana aliyeshuka juzi hafungui daftari lake. Tazama jina lililo juu ya ukurasa: likiwa la mjomba, basi ukurasa huu hauthibitishi kufika kwa babu. Likiwa lake, alifika mapema kuliko mnavyodhani.

---

Rasbura

Waliotangulia wamesema vizuri. Naongeza njia ya nyaraka za hapa nchini, maana kwa mtu wa dekini (aliyesafiri juu ya sitaha) wa miaka ile ndiko kwenye matumaini.

Jina kwanza. Khoja wa wakati huo aliandikwa jina lake, la baba na pengine la babu. Jina la ukoo lilikuja kugandishwa baadaye, mara nyingi ni lile la babu. Ukitafuta kwa jina la ukoo la leo unampita. Tafuta kwa jina lake la kwanza pamoja na la baba, na ujaribu "bhai", "ali" na "hussein" vikiwa vimeunganishwa, vimetenganishwa na vimeachwa kabisa. Gulamhussein huandikwa Ghulam Husain, Gulam Husein, hata Gulam peke yake.

Kisha ujue alikuwa Khoja wa upande upi, Ismailia au Ithnasheri. Madaftari ya jamaa hizo ni mbalimbali, na ukigonga mlango usio wake utaambiwa hayumo ukakata tamaa bure. Kaburi litakuambia: amezikwa eneo la nani, na jiwe linataja kijiji gani cha Kutch. Maandishi yaliyofifia yasome usiku kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa jiwe, kivuli kitajaza herufi. Usisugue chokaa wala usikwangue, mawe ya pwani yameshalika na chumvi.

Kwa kuwa alifariki 1968, omba nakala ya cheti cha kifo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Peleka majina yote ya tahajia na kipindi cha miaka mitatu, usipeleke mwaka mmoja. Cheti kikionyesha umri, unapata mwaka wa kuzaliwa wa kukisia. Kwa mama yako tarajia ugumu: enzi za Mwingereza usajili wa vizazi ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia, na mtoto wa baba Khoja na mama Mmwera angeweza kuachwa nje kabisa.

Uraia ndilo faili ninalolipenda kuliko yote. Mtu wa Kutch hakuwa raia wa Uingereza. Kutch ilikuwa nchi ya mtawala wake mwenyewe chini ya ulinzi wa Uingereza, na kuanzia 1924 ilisimamiwa kutoka Rajkot, si kutoka serikali ya Bombay. Pasipoti yake ikipatikana, angalia ilitolewa na nani, maana huko ndiko lilikokuwa ombi lake. Baada ya Uhuru watu wengi wa asili ya India waliomba kusajiliwa kuwa raia wa Tanganyika kabla ya mlango kufungwa 9 Desemba 1963. Mwombaji alieleza amekaa nchini tangu lini. Hapo kuna kauli yake mwenyewe, na haipitii kinywa cha mtu mwingine.

Nyumba au kiwanja pia. Hati za viwanja vya mjini zina tarehe ya kununua na jina kamili. Ikiwa familia ilikuwa na jengo la kupangisha la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, huenda lilichukuliwa kwa sheria ya 1971, na kumbukumbu zake zilipitia kwa Msajili wa Majumba hadi Shirika la Nyumba la Taifa.

Mwisho nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Beba barua ya utambulisho na kitambulisho. Usiombe "orodha ya abiria". Omba faili za Jimbo la Kusini na za Lindi kuhusu leseni za biashara, viwanja na uhamiaji, pamoja na Gazeti la Serikali, ambamo matangazo ya mirathi, kuvunjwa kwa ubia na maombi ya uraia yalichapishwa kwa majina.

---

MjukuuWaLukuledi

Asanteni sana. Juu ya daftari kuna majina mawili, la mjomba na la babu. Kadi ya chanjo ina mhuri wa Lindi, 14 Mei 1953.

---

DohaniMbili

Majina mawili ni ubia, kama Chopdi alivyohisi. Ubia wa Aprili 1929 unataka mtu aliyekwishafika, kwa hiyo rudisha utafutaji nyuma hadi 1926 na upime umri wake upya. Tangazo la ubia huo, au la kuuvunja, litafute kwenye Gazeti la Serikali.

Kadi ni mali kubwa. India iliidai kwa wanaotoka Afrika, na chanjo ilihesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya kumi. Hakuweza kuingia India kwa kadi hiyo kabla ya 24 Mei 1953. Kutoka Mombasa hadi Bombay ni maili za baharini kama 2,400, wiki moja kwa mwendo wa noti 14 bila kusimama. Basi tafuta kwenye magazeti ya Dar es Salaam matangazo ya meli za BI za Mei na Juni 1953, uone kama Karanja ilipita. Ikiwa ilipita, jina la nyumbani limepata mahali pake.

Kabla ya yote piga picha karatasi zote tatu, mbele na nyuma, kivulini karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na karatasi. Usizitie laminesheni wala selotepu, gundi hula wino. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana joto la Lindi hutoa jasho ndani ya nailoni. Nyuma ya ile picha ya meli huenda pana mhuri wa studio, hata uliofifia. Ulaze kwenye mwanga wa ubavu uutazame.