Mdahalo ni Jumamosi: nisaidieni hoja kuhusu vita vya Marekani ng'ambo

Mwalimu_Kondele
Wadau, hamjambo? Nafundisha historia hapa Kisumu na nasimamia klabu ya mdahalo. Jumamosi vijana wangu wanakutana na shule moja ya Kakamega. Hoja: "Majeshi ya Marekani ng'ambo yamebomoa kuliko yalivyojenga." Kila msemaji ana dakika 4. Usingizi umenipotea. Nipeni mifano isiyopinduliwa.

Nyar_Nam
Iraki 2003 inatosha. Lakini msiishie kwa "silaha za maangamizi hazikupatikana", hilo hata makanga analijua. Nendeni Mei 2003. Paul Bremer, msimamizi aliyewekwa na Marekani kuitawala Iraki, alitoa amri mbili. Ya tarehe 16 iliwafuta kazi wakubwa wa Baath, chama cha Saddam Hussein. Ya tarehe 23 ikavunja jeshi zima. Wanaume laki kadhaa wakarudi nyumbani bila mshahara, bunduki wanazijua, na maghala mengi ya silaha hayana mlinzi. Hapo ndipo uasi ulipopata makamanda. Baadhi ya maofisa hao walikuja kuwapangia vita Daesh, kundi linalojiita Dola la Kiislamu, walioteka Mosul Juni 2014.

Simba_wa_Mumias
Mbona mwende Iraki na Somalia iko hapa jirani? Desemba 1992 Wamarekani walitua Mogadishu kulinda chakula cha msaada, na chakula kikafika Baidoa. Mwaka uliofuata kazi ikabadilishwa: kutoka kulinda malori hadi kumsaka Aidid, mbabe wa vita wa Mogadishu. Tarehe 3 Oktoba 1993 helikopta mbili za Black Hawk zikaangushwa. Vita vya usiku ule viliua wanajeshi 18 wa Marekani na Wasomali kwa mamia. Machi 1994 wakaondoka. Aprili Rwanda ikaanza kuchinjwa, na Washington ikakwepa hata kulitamka neno mauaji ya kimbari.

Kuku_wa_Bondo
Dakika 4? Mwenyekiti mheshimiwa, katibu, mtunza saa, majaji waadilifu, wapinzani wangu wapendwa... kengele hiyo.

Mzee_Nax
Mwalimu, hujasema upande. Mnaiunga hoja mkono au mnaipinga?

Mwalimu_Kondele
Hilo si neno, mzee. Mimi nataka ukweli tu.

Mzee_Nax
Ndilo neno lenyewe. Upande gani?

Mwalimu_Kondele
Haya. Tunaipinga. Yaani tunaitetea Marekani, kura ndiyo ilituangukia. Na msemaji wa kwanza ameshakariri: anafungua na Libya, jinsi watu wa Benghazi walivyookolewa. Sitaki kumvuruga, kijana ana sauti.

Nyar_Nam
Kumbe nimewaandikia wapinzani wako hotuba! Omera, Libya ni mtego. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la 17 Machi 2011, lilipata kura 10, hakuna aliyepinga. Urusi, Uchina, Ujerumani, India na Brazil hazikupiga. Liliruhusu kulinda raia na likakataza jeshi la kukalia nchi. Ndege za Marekani na washirika wake zikaendelea kupiga miezi saba, hadi Gaddafi akauawa Oktoba 20. Mpinzani atauliza swali moja tu: kulinda raia kuligeuka lini kuwa kuangusha serikali? Kisha akupeleke Mali. Wapiganaji wa Kituareg walitoka Libya na silaha zao, uasi ukaanza Januari 2012, Machi jeshi likapindua serikali Bamako. Hapo sauti ya kijana itakusaidia nini?

Mwalimu_Kondele
Lakini majeshi ya Gaddafi yalikuwa mlangoni mwa Benghazi, na yeye mwenyewe alitisha kuwasaka nyumba hadi nyumba. Hiyo si hoja?

Mzee_Nax
Ni hoja ya Machi. Huna ya kukufikisha Desemba.

Fungua na Kuwait. Iraki iliivamia tarehe 2 Agosti 1990. Azimio namba 678 la Baraza hilo hilo likaipa hadi 15 Januari iondoke. Vita vya ardhini vya Marekani na washirika vikachukua saa 100, na 28 Februari 1991 wakasimama. Vilifaulu kwa sababu lengo lilikuwa moja, na kulikuwa na serikali inayosubiri kurudi ikuluni. Mpinzani mjanja atawataja Washia na Wakurdi wa Iraki waliochochewa kumwasi Saddam kisha wakaachwa wasagwe. Mjibu kwa anga lililofungwa kwa ndege za Iraki kaskazini ya latitudo 36, ambalo liliwapa Wakurdi nafasi ya kujitawala. Washia usiwaguse, hapo huna jibu.

Mfano wa pili ni Kosovo 1999: siku 78 za mabomu ya NATO dhidi ya Serbia, bila idhini ya Baraza la Usalama. Likiri mwenyewe kabla hajakutolea.

Dakika 4 ni maneno kama 400. Itifaki sekunde 30, Kuwait dakika moja na nusu, Kosovo moja, iliyobaki ya kukubali kwamba Iraki ilikuwa kosa. Usiitetee Iraki hata kidogo.

Simba_wa_Mumias
Na Haiti hamuigusi? Marekani waliikalia toka 1915 hadi 1934, wakarudi 1994. Juni 2024 wakaenda polisi wetu kupambana na magenge, Marekani wakitoa pesa. Siku hizi vita ni kama mjengo, kuna mwenye ploti na kuna fundi.

Jicho_la_Ndege
Hebu ngojeni. Shule zimefungwa wiki ya pili sasa. Hao vijana wanakutana wapi? Na Jumatatu huyu aliuliza kwenye uzi mwingine bei ya kupaka rangi kibanda chake cha M-Pesa.

Kuku_wa_Bondo
Anafundisha historia ya miamala.

Nyar_Nam
Mwalimu, jibu.

Mwalimu_Kondele
Sawa, hakuna vijana. Ni mimi na mzee mmoja pale kwa muuza magazeti. Atakayeshindwa ananunulia baraza zima samaki, na tuko watu tisa. Libya niliisema wiki iliyopita mbele ya wote, ndiyo maana siwezi kuiacha. Lakini vita mnavyovitaja si vya kubuni, ama?

Jicho_la_Ndege
Vita sivyo. Wewe ndiwe.

Mzee_Nax
Basi futa hayo ya dakika. Kwa muuza magazeti hakuna mtunza saa, atakukatiza kila sentensi ya pili, kwa hiyo hotuba haina kazi. Beba tarehe tatu kichwani: 28 Februari 1991, 23 Mei 2003, 17 Machi 2011. Akiruka, mrudishe kwenye tarehe.

Mwalimu_Kondele
Hiyo ya tatu si Libya, na mmeniambia niiache?

Mzee_Nax
Ya tatu ni ya kujilinda. Ataianzisha yeye.