Mashine ya jirani imelala uani miaka: unaanzia wapi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Kuanzia Ruai, Kamulu na Njiru hadi Dagoretti na Karen, ploti nyingi za Nairobi na viunga vyake zina kitu kimelala kando ya ua. Pampu ya maji chini ya gunia, mashine ya kukata nepia (majani ya ng'ombe), au trekta ambalo magurudumu yameshazama. Mwenyewe yuko mashambani au nguvu zimemwishia, na jirani anabaki na panya, mbu na dizeli inayodondoka. Siku nyingine simu inapigwa: "Itengeneze uitumie." Wenye ujuzi, andikeni hatua na vipimo. Kuwasema majirani tuache.

Fundi Kariobangi
Naanza na pampu ya petroli kwa sababu ndiyo huharibiwa zaidi na haraka. Usivute kamba kwanza. Injini ndogo kama Honda GX160, iliyojaa kwenye pampu za inchi mbili na tatu, ikivutwa kabla ya kukaguliwa husugua kutu kwenye ukuta wa silinda, na mikwaruzo hiyo haitoki.

Toa petroli yote, uitie kwenye mtungi. Iliyokaa miezi mingi hunuka kama vanishi na huacha gundi kwenye kabureta. Kisha fungua plagi ya moto, mimina kijiko kimoja cha oili ya injini shimoni na uache usiku kucha. Asubuhi vuta kamba polepole, plagi ikiwa bado nje. Ikigoma, usiongeze nguvu. Changanya dizeli na oili ya ATF (ya giaboksi za otomatiki) nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu, subiri siku mbili, halafu zungusha nati ya flaiwili kwa spana, mbele kidogo, nyuma kidogo. Pistoni iliyoshikwa na kutu huachia kwa subira. Ukiilazimisha, ringi zinavunjika na bei ya kazi inabadilika.

Oili mpya ni lita 0.6 ya SAE 10W-30, mashine ikiwa imekaa sawasawa. Hapa wengi hupoteza pesa: GX160 nyingi zina kifaa kinachokata moto wa plagi oili ikipungua. Mtu ananunua koili mpya, kumbe ni oili tu.

Kabureta: fungua bakuli la chini kwa spana namba 10, toa jeti (kitundu kinachopitisha petroli), uizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Msumari au sindano hupanua tundu, na injini itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Upande wa maji, jaza pampu hadi juu kabla ya kuwasha. Ikizunguka kavu, sili huungua. Utaona maji yakidondoka kati ya pampu na injini. Injini ikiunguruma vizuri na maji hayaji, tafuta ufa kwenye bomba la kunyonya, maana linavuta hewa. Tena tukumbuke Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, kwa hivyo zile mita 8 za kunyonya maji zilizoandikwa kwenye kijitabu usizitegemee. Kutoka pampu hadi usawa wa maji hesabu mita 6.

Mama Nepia
Fundi, asante. Mimi naongeza ya kukata majani, hasa yenye mota ya stima.

Chomoa waya kabisa, wala usitegemee swichi. Kapasita, kile kikopo kinachosaidia mota kuanza, hubaki na chaji hata stima ikiwa imekatwa, kwa hivyo usiiguse kwa vidole. Fungua mfuniko wa mota uangalie kiota cha panya na waya zilizotafunwa. Ikiwa ilinyeshewa, mota ipimwe na fundi wa stima kabla ya kuunganishwa, na waya wa ardhi uwepo. Watu wengi huukata ili plagi ya ukutani iingie, na hapo mwili wote wa mashine unaweza kuua.

Visu vinolewe upande wa mteremko pekee, na viwe na uzito sawa. Kimoja kikiwa chepesi mashine hutetemeka na beringi hufa mapema. Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kisichozunguka ni nusu milimita hadi moja. Kadi ya simu ipite kwa shida. Ikiwa pana zaidi, nepia inakunjwa badala ya kukatwa. Bolti za visu zenye kutu usizirudishe, nunua mpya zenye nati za kujifunga. Kisu kikichomoka hakichagui mtu.

Belti ikibonyezwa katikati ishuke sentimita moja hadi moja na nusu. Majani yaliyoganda ndani yakwanguliwe yote, kwa sababu ukungu wake ukichanganyika na lishe ng'ombe anaumwa. Kama mashine itaendelea kulala, toa belti uifungie ndani. Watoto wa ploti huzungusha lile gurudumu kwa mchezo.

Dereva Trekta
Kwa trekta tuseme Massey Ferguson 135 ya dizeli, injini ya Perkins ya silinda tatu.

Legeza bolti ya kumwagia oili kidogo tu. Maji yakitangulia, au kijiti cha kupimia kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe hadi ujue maji yanaingilia wapi. Mwaga dizeli ya tangi pamoja na matope yake, badilisha filta, kisha toa hewa kwenye njia ya dizeli: legeza skurubu ya filta, piga kile kishikio cha pampu ndogo hadi mapovu yaishe, hamia skurubu za pampu ya nozo (inayosukuma dizeli kwenye silinda), mwisho nati za nozo zenyewe huku starta ikizungusha. Ukiruka mpangilio huu utamaliza betri bure.

Kabla ya kuwasha, fungua njia ya hewa utoe viota, na uwe na ubao bapa wa kuiziba. Vali ya ndani ya pampu ya nozo ikiwa imeganda wazi, injini hupaa mbio na haizimiki kwa kamba ya kuzimia. Kuiziba hewa ndiyo breki yako. Usitumie mkono.

Klachi iliyolala huganda kwenye flaiwili, hivyo hakikisha gia iko huru. Na plau iliyoning'inia ishushwe chini kabla mtu hajaingia chini yake.

Karani wa Ploti
Ruhusa itangulie spana. Ujumbe wa simu unatosha ukitaja mashine, nani ananunua spea, na itarudishwa lini. Piga picha kabla ya kugusa, na mtu wa nyumba kumi awepo.

Usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu kwa mali isiyo yako. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka mnunuzi awe na leseni, nawe unaweza kushtakiwa kwa wizi. Trekta lina namba za usajili na kitabu chake, kwa hivyo mauziano yapitie NTSA, mamlaka ya usajili wa magari. Mwenyewe akiwa amefariki, mtoto mmoja hawezi kukuuzia kabla mahakama haijatoa kibali cha usimamizi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ni kali kwa hilo.

Kama shida ni mbu, panya au mafuta kuingia kisimani, anza kwa kuongea na mwenyewe, kisha chifu, kisha afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa nguvu ya kumwandikia mwenye mali aondoe kero.

Shamba Kamulu
Je, pampu ya mgongoni ya dawa? Jirani ameniachia na sijui ilikuwa na nini ndani.

Mama Nepia
Ichukulie kuwa ilikuwa na dawa ya magugu. Vaa glavu, isuuze mara tatu, kisha ijaze maji ya sabuni na uyapitishe hadi kwenye nozo. Yaache ndani usiku kucha, usuuze tena. Maji hayo yasiende mtaroni wala karibu na kisima. Badilisha raba zote za ndani, maana zimenyonya dawa. Hata hivyo isitumike kwenye nyanya: mabaki kidogo ya dawa ya magugu kama 2,4-D hukunja majani yake. Iandike "MAGUGU" kwa rangi na ibaki kwa kazi hiyo.