Mjadala: Nani aliiangusha Jin, Kaizari Hui au baba yake?

Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Kila anayesimulia habari za Sima Zhong, yaani Kaizari Hui wa Jin, nasaba iliyotawala China (yeye alitawala 290–307), huanza na kichekesho kilekile: aliambiwa watu wanakufa njaa kwa kukosa nafaka, akauliza kwa nini wasile uji wa nyama. Watu hucheka, kisha hukumu inatoka: zezeta alipewa China, China ikasambaratika.

Mimi napinga. Wa kulaumiwa ni baba mtu, Sima Yan, kaizari wa kwanza wa Jin, huyo mnayemsifu kwa kuiteka Wu, dola ya kusini, mwaka 280 na kuiunganisha nchi.

Alijua mwanawe hafai. Waziri Wei Guan alijifanya kalewa karamuni, akakipapasa kiti cha enzi na kusema kinasikitisha. Sima Yan akaelewa vizuri tu, akaupotezea. Baadaye akampelekea kijana maswali ya kumpima. Mke wa kijana huyo, Jia Nanfeng, akatafuta watu wa kuyajibu, na majibu yakaandikwa kwa lugha nyepesi makusudi, kwa sababu yangejaa nukuu za vitabu vya kale mzee angeshtuka. Mzee akafurahi. Nadhani alitaka kudanganywa.

Halafu kuna suala la majeshi. Ukoo wake uliipora Wei, dola iliyotangulia Jin, kirahisi kwa kuwa jamaa za mfalme wa Wei walinyimwa nguvu. Yeye akakimbilia upande wa pili: akawagawia ndugu na wanawe majimbo yenye askari. Wanane kati ya hao jamaa wakapigania madaraka kuanzia 291 hadi 306. Hapo hata mwerevu angetoka jasho.

Najua mtamtaja Jia Nanfeng. Ukatili wake siupingi. Alimuua Yang Jun, babu wa kambo wa mumewe, na mwaka 300 akamuua Sima Yu, mwana wa Hui na mrithi, ambaye hakumzaa yeye. Ila katikati hapo aliwaachia mawaziri kina Zhang Hua kazi, na nchi ikatulia kiasi. Kifo cha mrithi ndicho kilichompa Sima Lun, mmoja wa wale wanane, kisingizio cha kumng'oa Jia. Mwaka 301 Lun akakikalia kiti mwenyewe, akampa Hui cheo cha kaizari mstaafu, wakati Lun ni ndugu wa babu yake!

Na huo uzezeta wenyewe mimi naupunguza. Mwaka 304 vitani pale Dangyin, ofisa wake Ji Shao alimkinga Hui kwa mwili wake akauawa, damu ikamrukia Hui kwenye nguo. Watumishi walipotaka kuifua, alikataa: ni damu ya Ji, msiioshe. Huyo ni mtu asiyeelewa kitu?

Wanaomtetea Sima Yan husema alimtegemea mjukuu wake Sima Yu, aliyekuwa na akili. Sawa. Sasa nijibuni: Sima Yan alimwachia mjukuu huyo mlinzi gani dhidi ya Jia?