Mjadala: Je, mwenye nyumba ana haki ya kumfungia nje mpangaji anayedaiwa kodi?

Hoja iliyo mezani ni hii: mpangaji amelimbikiza kodi ya miezi kadhaa, notisi amepewa na muda wake umekwisha, lakini hajahama. Je, mwenye nyumba abadilishe kitasa, au aende kwanza mahakamani? Wanaotetea kufuli wanasema kwamba mali ni ya mwenyewe, na kwamba kesi ya nyumba huweza kuburuzwa hadi deni likawa kubwa kuliko lilivyoanza. Mimi napinga kufuli, ingawa simdharau mwenye nyumba, kwa sababu wapo wengi ambao chumba kimoja wanachopangisha ndicho kinacholipa mkopo wa benki.

Tutazame kwanza kinachofungiwa ndani. Mpangaji anayerudi jioni na kukuta kufuli geni mlangoni hakukosa mahali pa kulala tu. Ndani kuna dawa za shinikizo la damu anazotakiwa kumeza kila siku, kuna vitambulisho, madaftari ya mtoto, na kama yeye ni fundi nguo, kuna cherehani. Chombo ambacho kingemwezesha kulipa ndicho kilichozuiliwa, kisha anaambiwa alete fedha ndipo afunguliwe.

Tena deni lenyewe mara nyingi lina utata. Mpangaji anasema alitengeneza bomba lililopasuka kwa makubaliano kwamba gharama ingekatwa kwenye kodi. Mwenye nyumba anasema hakukubali. Mmoja ana risiti ya fundi, mwingine ana daftari lake la malipo. Huenda mwenye nyumba ndiye mkweli, lakini kufuli halisomi risiti wala daftari: linamfanya mdai kuwa hakimu na dalali wa mahakama kwa wakati mmoja. Na tusijifanye kwamba kila anayefungiwa nje ana deni, kwani wapo wanaofungiwa kwa sababu walilalamikia paa linalovuja, au kwa sababu amepatikana mtu wa kulipa zaidi.

Msimamo huu si ndoto ya wapangaji. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 26(3), inakataza mtu kuondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuzingatia mazingira yote yanayohusika. Uingereza ilitunga mwaka 1977 sheria ya kuwakinga wapangaji dhidi ya kufukuzwa, ambayo inalifanya kosa la jinai tendo la kumtoa mkaazi kinyume cha sheria, na pia kumsumbua au kumnyima huduma kwa nia ya kumfanya ahame. Sehemu hiyo ya pili ni muhimu sana, kwa maana kukata maji na umeme, au kung'oa mlango kwa kisingizio cha ukarabati, ni kufuli kwa njia nyingine. Nchini humo humo, mwenye jengo la biashara anaweza, pale mkataba unapomruhusu, kulitwaa tena jengo kwa amani bila kwenda mahakamani, ila nyumba inayokaliwa na watu imewekewa ulinzi wake. Tofauti hiyo naiona ya haki kabisa: duka likifungwa mtu amepoteza biashara, na hilo si dogo, lakini bado ana pa kulala.

Linabaki lalamiko la ucheleweshaji, na hapo wenye nyumba wana haki ya kupaza sauti. Kesi ya kodi isiyolipwa haihitaji kuahirishwa mara kwa mara kama mgogoro wa urithi. Ipangiwe tarehe ya karibu, mkataba na risiti zikaguliwe, na mpangaji asiye na utetezi apewe siku maalumu ya kuhama, nayo isiongezwe bila sababu ya msingi. Kodi ya kipindi cha kesi nayo iwekwe mahakamani kila mwezi, ili asiyetaka kulipa asifaidike kwa kuvuta muda.

Wanaotetea kufuli ningependa wanijibu jambo moja: ikithibitika baadaye kwamba aliyefungiwa hakuwa na deni, nani atamlipa fidia ya kazi aliyopoteza na vitu vilivyoharibika, na kwa utaratibu upi, ikiwa wao wenyewe wanasema mahakama haiendeki?