Mashine ya Babu imepoteza nguvu

Kikundi: Wana wa Babu

*Jumamosi*

[06:48] Baba Mdogo Elia (Mtera): Mbukwenyi ndugu zangu. Mashine ya boti ya marehemu Mzee inanisumbua. Inawaka vizuri, kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila resi, haina neno. Nikitoka ukingoni nikavuta resi yote, dakika mbili tatu inalegea, boti inatambaa. Jana ikazima kabisa, tumerudi kwa kasia, upepo wa jioni unatupiga usoni

[06:52] Shangazi Rehema: Mbukwa kaka. Kwa kasia, na viboko walivyo humo bwawani? Mlikuwa na maboya?

[06:53] Baba Mdogo Elia (Mtera): Tulivaa dada. Mimi na Musa wote

[06:55] Mama Neema: Ashukuriwe Mungu

[07:03] Baba Mdogo Elia (Mtera): Fundi wa hapa kijijini anasema ringi zimekwisha, ifunguliwe yote na pistoni mpya. Hela anayotaka ni ya mbuzi sita. Kabla sijauza mbuzi nataka nimsikie Lameck

[07:20] Lameck: Shikamoo Baba mdogo. Shikamooni wakubwa wote. Mbuzi wabaki zizini kwanza. Ringi zikiisha mashine inakuwa ngumu kuwaka na nguvu haina tangu unapoiwasha, haingoji dakika tatu. Niambie, inapolegea mlio wake unapanda au unashuka?

[07:24] Baba Mdogo Elia (Mtera): Marahaba mwanangu. Unashuka. Kama mtu anakabwa koo

[07:26] Lameck: Sawa. Ungepanda huku boti haiendi ningesema mpira wa ndani ya propela umeachia. Mtera ina visiki vingi vya ile miti iliyozamishwa na bwawa, ukigonga kimoja tu mpira unaanza kuteleza. Inakojoa yale maji ya kuipooza?

[07:27] Musa: Inakojoa kaka, mfululizo. Nimeyagusa, vuguvugu tu

[07:28] Lameck: Basi haichemshi. Nitolee plagi zote mbili unipigie picha

[07:45] Musa: 📷 📷

[07:51] Lameck: Zinafanana, na zote zimepauka karibu nyeupe. Silinda isiyochoma plagi yake ingetoka nyeusi, imelowa. Hizi zinachoma, ila petroli inayofika ni kidogo na hewa ni nyingi.
Baba mdogo, nakuomba sana usiivute resi yote tena mpaka tujue. Hiyo ni 2T, oili yake inaingia humo humo kwenye petroli. Petroli ikipungua na oili imepungua, na ndiyo inavyokwaruza pistoni. Nilipokuwa Mwanza nimefungua mashine nyingi zilizokufa hivyo, mwenyewe alikuwa analazimisha afike mwaloni

[07:54] Baba Mdogo Elia (Mtera): Nimekuelewa. Sasa je, niongeze oili kidogo iilinde? Nachanganya kama Mzee alivyonionyesha, nusu lita kwa petroli lita 25

[07:56] Lameck: Usiongeze. Hiyo ni 50 kwa 1, iko sawa. Ukizidisha oili, petroli yenyewe ndiyo inakuwa chache zaidi kwenye mchanganyiko, na plagi zinachafuka

[07:58] Lameck: Kwanza angalia kile kiskrubu cha kupitisha hewa juu ya kifuniko cha tangi. Kikifungwa, tangi linakosa hewa na mafuta yanagoma kutoka. Ndicho nakishuku kuliko vyote

[08:10] Musa: Kiko wazi kaka. Tumelegeza na kifuniko chenyewe tukazunguka hapa hapa ukingoni. Vile vile

[08:13] Lameck: Haya. Baba mdogo ashike usukani, Musa ushike ule mpira wa kubonyeza kwenye paipu ya mafuta. Resi yote kwa muda mfupi tu. Ikianza kulegea Musa ubonyeze, ubonyeze, halafu mniambie mawili: nguvu imerudi? na mpira wenyewe umenywea au umejaa?

[08:41] Musa: 🎤 "Kaka Lameck, imerudi! Nikibonyeza inaamka, boti inanyanyua pua. Nikiacha, kidogo tu inalala tena. Na mpira haujanywea, umejaa vizuri."

[08:44] Lameck: Umenifurahisha mdogo wangu. Ungenywea, kizuizi kingekuwa nyuma yake, kwenye tangi au paipu. Umejaa, maana yake mafuta yanafika hadi kwenye mashine, ila pampu ya mashine haiyasukumi ya kutosha. Kwenye sailensa inanywa kidogo, ndiyo maana haioneshi. Mkono wako umefanya kazi ya pampu

[08:46] Shangazi Rehema: Kumbe ina pampu? Mbona haina betri

[08:49] Lameck: Inapumuliwa na mashine yenyewe shangazi. Pistoni ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma, kile kiwambo cha ndani kinacheza na kuyapeleka mafuta kwenye kabureta. Musa, funga mafuta, fungua hiyo pampu ndogo ya ubavuni. Tandika kitambaa cheupe chini, skrubu zisidondoke majini

[09:30] Musa: 📷 Kiwambo kimekakamaa kama karatasi ya kalenda. Ukingoni kimechanika

[09:31] Musa: Na chujio lina tope jekundu. Nikate tyubu ya baiskeli nitengeneze kiwambo?

[09:33] Lameck: Hapana kabisa. Tyubu ikikaa kwenye petroli inavimba, na ukikwama safari hii ni katikati ya bwawa. Inatakiwa seti yenyewe, kiwambo na gasketi zake

[09:35] Neema (Dar): Shikamooni. Mimi narudi Dodoma Jumatatu kwa SGR. Nikiulize wapi?

[09:38] Lameck: Waulize wavuvi pale Feri, watakuonyesha wanaouza spea za boti. Musa, piga picha kibati chenye namba za mashine umtumie dada yako. Bila hizo namba atauziwa cha mashine nyingine. Neema nunua seti mbili, moja ikae akiba

[09:40] Baba Mdogo Elia (Mtera): Na hela natuma sasa hivi. Neema, kutoka Dodoma mpe kondakta wa basi la Iringa, Musa atalisubiri hapa darajani

*Jumatano*

[10:15] Musa: Seti imefika. Nimefunga. Chujio nimelisafisha, bakuli la kabureta nalo

[10:16] Lameck: Skrubu za pampu kaza kwa kupishana, taratibu. Mkabonyeze mpira uone kama hakuna kinachovuja, ndipo muwashe

[12:02] Baba Mdogo Elia (Mtera): 🎤 "Lameck mwanangu, sikiliza." (sauti ya mashine, sekunde 40)

[12:03] Mama Neema: Jamani huo mlio. Nimemuona Mzee amekaa kule nyuma na kofia yake

[12:05] Baba Mdogo Elia (Mtera): Nusu saa resi yote, haijalegea. Nikadhani nitalia

[12:06] Lameck: Plagi?

[12:19] Musa: 📷 Kahawia

[12:20] Lameck: Hiyo ndiyo rangi yake. Baba mdogo, petroli uwe unaipitisha kwenye kitambaa safi kabla ya kumimina, lile tope limetoka kwenye madumu

[12:22] Baba Mdogo Elia (Mtera): Nimesikia. Basi la jioni lina ndoo ya perege, imeandikwa jina lako. Nusu umpelekee Neema